Kufungasha kwa Safari ya Kayaki ya Kulala Kisiwani

Orodha nyingi za vifaa vya safari ya kayaki zimeandikwa na watu wanaopiga kafi kwenye maji baridi ya Norwei, Uingereza au Kanada. Zinakuambia ununue suti nzito ya mpira, glavu na soksi za sufu. Ukivaa hivyo ukiwa Kilwa mwezi wa Novemba, joto litakuangusha kabla baridi haijakuona. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30 karibu mwaka mzima. Hatari za hapa ni nyingine: jua, chumvi, kiu, miamba, na upepo wa usiku unaopiga mwili uliolowa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye afya, anayejua kuogelea, ambaye amekwisha kupiga kafi safari za mchana na sasa anataka kulala nje usiku mmoja pamoja na wenzake. Mfano tunaoutumia ni Kilwa, kusini mwa Tanzania: mnaondoka Kilwa Masoko, mnavuka hadi Kilwa Kisiwani, mnafuata maji ya ndani yaliyokingwa na visiwa na mikoko, mnapita Sanje ya Kati hadi Songo Mnara, mnalala, na kesho yake mnarudi. Kama uko Lamu, Mafia, Pemba au Mida, badilisha majina tu. Ufungashaji ni uleule.

Kuna jambo moja la kushika kuliko yote: funga mzigo kana kwamba kayaki lazima itapinduka. Huenda isipinduke. Lakini ikipinduka, ubaki na nguo kavu ya kulalia, maji ya kunywa, taa na njia ya kuita msaada. Kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

KABLA YA KUGUSA MFUKO: TAZAMA UPEPO NA MWEZI

Kinachoingia kwenye mfuko kinategemea siku unayoondoka. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na Juni hadi Agosti huwa kali: bahari inachafuka na usiku unakuwa wa baridi kwa mtu aliyelowa. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, na ile ya Oktoba na Novemba ndiyo bahari ya mwanafunzi, ingawa manyunyu ya vuli yanaweza kukukuta. Masika iache ipite.

Mwezi nao una neno lake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, mikondo kwenye milango inakaza, na maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Maana yake ni kwamba maji makubwa yatakukuta umelala. Kisha yanapwa karibu saa 4 asubuhi, na ufuko uliouona jana unageuka tope la mikoko la mita mia kadhaa, nawe umebeba mzigo kichwani.

Kwa hiyo safari ya kwanza ipange siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu. Mkondo unapungua nguvu, na maji hujaa karibu saa 4 asubuhi, wakati unaotaka kuwa majini kabla upepo wa mchana haujaamka. Soma pia utabiri wa baharini wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au wa idara ya nchi uliko, jioni ya mwisho na asubuhi ya kuondoka. Halafu muulize nahodha wa dau pale bandarini. Akisema leo siyo, leo siyo.

SETI MBILI ZA NGUO, BASI

Kwa usiku mmoja unahitaji seti mbili tu: nguo za chumvi na nguo za usiku. Za chumvi unavaa majini, zinalowa, na kesho yake unazivaa tena hivyohivyo. Za usiku hazigusi bahari kamwe.

Kwa nini tuzitenge kwa ukali namna hiyo? Nguo iliyolowa maji ya bahari haikauki kikweli. Ianike juu ya kichaka saa 9 alasiri, na magharibi itakuwa ngumu na yenye vumbi jeupe la chumvi kwenye mishono. Utadhani imekauka. Lakini chumvi ile hunywa unyevu wa hewa, na saa 8 usiku shati lilelile litakuwa limelegea, baridi, linanata mgongoni. Ukilala nalo utatetemeka hata katika nchi ya joto, na ngozi itaamka imechubuka.

Nguo za chumvi

1. Shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Jezi ya golikipa inafaa sana.
2. Bukta au suruali nyepesi ya michezo, ikiwezekana inayofika chini ya goti. Mapaja ndiyo yanayoungua kwanza, kwa kuwa yanatazama jua siku nzima.
3. Kofia ya pama yenye kamba ya kufunga kidevuni. Kofia isiyo na kamba ni zawadi kwa upepo.
4. Miwani ya jua iliyofungwa uzi. Maji hurudisha jua usoni kutoka chini, na kofia peke yake haizuii hilo.
5. Viatu vinavyofunga kisigino: viatu vya plastiki vya kufunga, raba kuukuu au katambuga zenye mkanda wa nyuma. Ndara zinabaki kwenye tope hatua ya pili. Miguu mitupu nayo inakutana na chaza, mawe ya matumbawe na wale viumbe weusi wenye miba mirefu kama sindano.
6. Koti jepesi la kuzuia upepo na mvua. Hili halivaliwi asubuhi, ila linakaa karibu na mkono.

Kwa dada na mama anayejifunika: hijabu ya michezo inayobana kichwa ni salama kuliko mtandio mrefu, ambao unaweza kunasa kwenye kafi au kukufunika uso ukipinduka. Leso ziende kwenye mfuko wa nchi kavu.

Nguo za usiku

1. Fulana kavu ya mikono mirefu na suruali nyepesi ndefu. Urefu ni kwa ajili ya mbu kuliko baridi.
2. Sweta moja jepesi. Miezi ya kusi usilibishie.
3. Kikoi au leso jozi moja. Hiyo ni shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo na vazi la heshima ukiingia kijijini.
4. Chupi na soksi kavu.
5. Ndara. Hapa ndipo mahali pake.

Kumbuka kwamba visiwa hivi vina wenyewe. Kisiwani na Songo Mnara ni vijiji vyenye misikiti, wazee na serikali ya kijiji. Kabla ya kupanda ufukweni ukiwa na bukta na kifua wazi, funga kikoi, vaa shati, piga hodi, toa shikamoo kwa wakubwa na umtafute mwenyekiti umwombe mahali pa kulala. Kikoi hicho kiweke juu kabisa ndani ya kayaki, kwa sababu utakihitaji kabla hujafungua mfuko mwingine wowote.

[KISANDUKU: KUCHAGUA NGUO MITUMBANI]
Huhitaji duka la vifaa vya kitalii. Ukifika kwenye meza ya mitumba:
• Soma lebo. Poliesta au nailoni, chukua. Pamba tupu, acha kwa ajili ya usiku.
• Jinzi usiiguse. Ikilowa ni nzito, inabana magoti na haikauki siku mbili.
• Finya kitambaa kwa vidole viwili. Kile cha jezi huteleza na kuachia. Cha pamba hubaki na makunyanzi.
• Kagua mshono wa kwapa na wa bega. Mshono mnene chini ya jaketi okozi utakuchubua kufikia mchana.
• Rangi kali, kama chungwa, njano au nyekundu, ndiyo inayoonekana kwa mbali. Bluu na kijani vinakuficha baharini.

VIFAA VYA USALAMA: VINAVYOKAA MWILINI

Kitu cha dharura kilichofungiwa tumboni mwa kayaki si cha dharura. Ukipinduka na upepo ukaisukuma kayaki mbali nawe, utabaki na kile tu ulichovaa. Basi vaa au funga mwilini vitu hivi:

1. Jaketi okozi, limefungwa vifungo vyote tangu unapokanyaga maji. Lijaribu hivi: livae, lifunge, mwambie mwenzako alivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Usilikalie kama mto; povu lake likisagika haliinui mtu.
2. Filimbi, imefungwa kwa uzi kwenye jaketi. Sauti ya mtu huzimwa na upepo; filimbi husikika.
3. Simu ndani ya mfuko wake usiopitisha maji, imening'inizwa shingoni na kuingizwa ndani ya jaketi. Kabla ya kuondoka, hakikisha inawaka, ina salio na ina namba za mtu wa nchi kavu. Namba ya dharura Tanzania ni 112. Kama kundi lina redio ya VHF, ya baharini, chaneli ya kuita msaada ni 16.
4. Taa ndogo ya kichwani, hata kama mpango ni kufika mchana. Jua letu likizama giza halikawii.
5. Kisu kifupi chenye ala, cha kukatia kamba au wavu uliokunasa.

Kwa kila kayaki ongeza: upo au pampu ya mkono ya kutolea maji, sponji, kamba ya kuvutana ya mita 10 hadi 15, na gundi ya utepe ya kuzibia ufa. Kwa kila kundi, kafi moja la akiba, limefungwa juu ya kayaki mahali unapoweza kulifikia. Kafi likivunjika katikati ya mlango, na maji yanapwa kuelekea bahari kuu, hakuna kifaa kingine kitakachokusaidia.

MAJI NA CHAKULA

Visiwa vidogo vina visima vichache, na mara nyingi maji yake yana chumvichumvi. Hata pale yanapofaa, ni ya wenyeji kwanza. Beba yako.

Hesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Kwa siku mbili ni lita 10. Ongeza lita 3 za akiba ambazo hazifunguliwi hadi safari ya kurudi imekaribia kwisha. Hizo ni kilo 13, na ndizo nzito kuliko kitu kingine chochote utakachobeba. Usizitie kwenye dumu moja. Likitoboka, umebaki na sifuri. Tumia chupa za lita moja na nusu na madumu madogo ya mafuta ya kupikia yaliyooshwa vizuri. Kila dumu liachie nafasi kidogo ya hewa juu, lielee likianguka majini.

Kwa wanaoswali: maji ya bahari yanafaa kwa udhu, hivyo usiyapunguze ya kunywa kwa ajili hiyo. Msala uingie kwenye mfuko wa usiku.

Chakula kiwe kisichoomba maji mengi na kisichoharibika kwa joto la siku moja: tende, karanga, kashata, mkate, viazi vitamu vya kuchemsha, machungwa, samaki wa kukaanga wa kula siku ya kwanza. Ng'onda na vitafunwa vya chumvi viache nyumbani, kwa sababu utavilipia kwa maji. Jiko dogo la gesi na sufuria moja vinatosha. Mkaa ukilowa umebeba mawe. Kuni za mkoko usikate: misitu ya mikoko Tanzania ni hifadhi kwa mujibu wa sheria. Kiberiti kiwe cha aina mbili, cha njiti na cha gesi, kila kimoja kwenye mfuko tofauti.

MALAZI NA DAWA

Hema jepesi lenye wavu, au chandarua na turubai pamoja na kamba ya kufunga kwenye miti. Mkeka au godoro jembamba la sponji. Shuka moja. Usidharau chandarua kwa sababu kuna upepo ufukweni. Upepo ukilala usiku, mbu wa mikoko wanaamka. Hapa ni nchi ya malaria.

Sanduku la dawa liwe dogo:

• Bandeji, pamba, plasta na dawa ya kusafishia vidonda. Mkwaruzo wa matumbawe huoza haraka, uoshe siku hiyohiyo kwa maji safi.
• Pakiti nne za ORS. Pakiti moja, lita moja ya maji safi. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na mkojo wa rangi ya chai ni dalili kwamba umechelewa kunywa.
• Dawa za maumivu, na dawa zako za kila siku ukiwa na maradhi ya kudumu, katika mafungu mawili kwenye mifuko miwili.
• Kibano cha kutolea miba.
• Mafuta ya mgando. Yapake kwapani, shingoni na mapajani kabla ya kuingia majini, na chumvi haitakuchubua.
• Losheni ya kuzuia jua kwa mwenye ngozi inayoungua, na ya midomo kwa kila mtu.

Ukichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa au wa samaki mwingine mwenye sumu, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha tafuta zahanati. Hiyo ndiyo sababu jiko na sufuria visizikwe chini ya mzigo wote. Kinga yake ni rahisi: ukitembea majini, buruta nyayo mchangani badala ya kukanyaga, na taa watakupisha.

KUPAKIA: HATUA KWA HATUA

Kwanza ijue kayaki yako. Zile za kukodi kwenye hoteli nyingi za pwani ni za kukalia juu: ni pana, hazijai maji kirahisi, lakini nafasi ya mzigo ni ndogo na vitu vinafungwa juu kwa kamba. Zinafaa kwa maji yaliyokingwa tu. Kayaki ya safari ndefu ni nyembamba, ina urefu wa mita 5 hivi, na ina vyumba vya shehena omo na tezi vyenye mifuniko. Midomo ya vyumba hivyo ni midogo. Kwa hiyo mifuko mingi midogo inashinda mfuko mmoja mkubwa, ambao utabaki mlangoni haupiti.

Mifuko bora ni ile ya plastiki nzito ya kukunja mdomo. Ukikosa, tumia mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja umefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha na mpira ndani yake linafaa kwa dawa na viberiti.

1. Tandika mkeka, weka kila kitu juu yake. Gawa mafungu manne: mwilini, karibu na mkono, usiku, jikoni.
2. Punguza. Shika kila kitu ujiulize: nisipokuwa nacho, nitaumia au nitakosa raha tu? Vya raha chagua kimoja.
3. Jaribu mifuko. Weka gazeti kavu ndani, funga, zamisha kwenye beseni la maji dakika tano. Gazeti likilowa, mfuko huo hauchukui nguo za usiku.
4. Funga nguo za usiku na shuka peke yake. Zikunje, zikalie ili hewa itoke, kunja mdomo wa mfuko mara tatu au zaidi, kisha funga. Mfuko huu uufungie ndani ya mwingine. Usiufungue hadi umefika, umejifuta chumvi na mikono yako ni mikavu.
5. Andika kwa kalamu nzito juu ya kila mfuko: USIKU, JIKO, DAWA, CHAKULA. Gizani mifuko yote inafanana.
6. Weka maji kwanza. Madumu yalale chini kabisa, juu ya mkuku, karibu na kiti, mbele na nyuma yake. Mzigo mzito ukikaa chini na katikati ndio farumi yako: kayaki inatulia. Ukiuweka ncha za omo na tezi, omo haitainuka juu ya wimbi, itapita ndani yake.
7. Fuatisha vya uzito wa kati: sufuria, jiko, chakula.
8. Vyepesi vimalizie kwenye ncha: nguo za usiku, shuka, hema. Gandamiza kila pengo. Kitu kinachocheza ndani kitahamia upande mmoja pale unapohitaji utulivu.
9. Juu ya kayaki weka vichache: kafi la akiba, chupa moja ya kunywa, pampu. Kila kinachozidi kinashika upepo na kuvuta kayaki ipinduke.
10. Koti la upepo, kikoi, vitafunwa na chupa ya pili vikae nyuma ya kiti, kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba.
11. Ielee kabla ya kuondoka. Ingia maji ya magoti, kaa, mwenzako asimame mbele yako atazame. Ikilala upande mmoja, hamisha dumu. Ikiinamia omo, rudisha uzito nyuma. Kayaki iliyozama omo ni ngumu kushika njia. Tezi ikizidi kidogo tu, si neno.
12. Piga kafi dakika chache, rudi, fungua mifuniko, tazama ndani. Maji yakiwemo, tafuta yanapoingia ungali bandarini.

Beba pia mfuko wa shangazi kaja, umekunjwa bapa. Mkifika kisiwani na maji yamepwa, ndio utakaochukua mifuko yote midogo kwa safari mbili badala ya kumi. Kayaki yenye mzigo usiiburute juu ya mawe, wala msiiinue watu wawili ikiwa imejaa. Migongo huumia hapo kuliko majini.

MKIFIKA: SAA YA KWANZA

1. Tafuta mstari wa mwani mkavu na majani unaoonyesha maji yalipofika. Hema liwe juu ya mstari huo kwa hatua kadhaa, na siku za bamvua zidisha.
2. Pandisheni kayaki juu ya mstari huo pia, na kila moja ifungwe kwenye mti. Maji hayaombi ruhusa kuichukua.
3. Simamisha hema kungali na mwanga, funga wavu kabla ya magharibi.
4. Jifute mwili kwa kitambaa na nusu lita ya maji safi: uso, shingo, kwapa, mapaja, miguu. Ndipo ufungue mfuko wa USIKU.
5. Nguo za chumvi zining'inize mbali na hema. Zisilale ndani pamoja nawe.
6. Kwenye magofu, kama yale ya Songo Mnara, usifunge kamba kwenye kuta wala kuwasha moto karibu nazo. Magofu hayo pamoja na ya Kisiwani yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hubomoka kirahisi. Kibali cha kuyatembelea kichukuliwe Masoko kabla ya kuvuka.

MAKOSA YANAYORUDIWA

• Kubeba jaketi okozi badala ya kulivaa, "nitalivaa mawimbi yakianza." Yakianza, mikono yako yote miwili iko kwenye kafi.
• Kuweka betri na simu zote kwenye mfuko mmoja. Pawabenki moja ikae mbali na simu.
• Kubeba nguo za kubadilisha kwa kila siku. Kilo za nguo zinachukua nafasi ya maji.
• Kuvua shati kwa sababu ya joto. Lichovye baharini, livae limelowa. Linapoza, na mabega hayaungui.
• Kunywa mkisikia kiu. Kunyweni kila baada ya nusu saa, mafunda machache, hata kabla ya kiu.
• Kutoa taarifa nusunusu. "Tunaenda visiwani" haimsaidii mtafutaji.

[KISANDUKU: KARATASI YA KUACHA NCHI KAVU]
Mwachie mtu mmoja anayeaminika, na nakala kwa mtu wa bandarini:
• Majina, idadi ya watu, namba zote za simu
• Rangi za kayaki na za majaketi okozi
• Njia mtakayopita na mahali pa kulala
• Siku na saa ya kurudi
• Saa ambayo, msipoonekana wala kupiga simu, aanze kuita msaada

ORODHA YA KUKAGUA ASUBUHI YA SAFARI

Kundi la kwanza
☐ Jaketi okozi limevaliwa na kukazwa, filimbi ipo
☐ Simu ina chaji, imefungwa, iko mwilini
☐ Maji lita 13 kwa kila mtu, vyombo visivyopungua vinne
☐ Utabiri umesomwa leo, nahodha ameulizwa
☐ Karatasi imeachwa nchi kavu

Kundi la pili
☐ Nguo za chumvi zimevaliwa: shati, bukta, kofia yenye kamba, miwani, viatu
☐ Mfuko wa USIKU umejaribiwa, uko ndani ya mfuko mwingine
☐ Koti la upepo na kikoi viko karibu na mkono
☐ Kafi la akiba, upo au pampu, sponji, kamba, kisu, gundi ya utepe
☐ Taa ya kichwani, betri za akiba, pawabenki
☐ Hema au chandarua na turubai, mkeka, shuka
☐ Dawa, ORS, mafuta ya mgando, dawa za kila siku
☐ Chakula, jiko, sufuria, viberiti viwili
☐ Kitambulisho, kibali, noti ndogondogo
☐ Mfuko wa taka, shangazi kaja

Kundi la pili likipungukiwa na kitu, mnaweza kuazima, kununua Masoko, au kuvumilia. Kundi la kwanza halina uvumilivu. Alama moja ikikosekana hapo, vueni viatu, kunyweni chai, na mwende siku nyingine.